Kingamwili ya kaspesi-3 iliyokatwa (Asp175): bendi ya 17 imepotelea wapi?

pipeti_p20

Wakuu, habari za kazi. Naomba macho yenu kwenye bloti hii (western blot) ya kaspesi-3, kimeng'enya kinachokata protini seli inapojiua.

Seli ni HeLa, staurosporini (dawa ya kuziua) mikromola 1 kwa saa 6, na kontroli ya DMSO (kiyeyushi tu, bila dawa). Mediamu inamwagwa, seli zinaoshwa kwa PBS mara mbili, kisha zinakwanguliwa ndani ya RIPA (bafa ya kupasulia seli) yenye vizuizi vya protiezi. Protini mikrogramu 20 kwa kisima, jeli ya 10%, membreni ya PVDF ya mikromita 0.45, uhamishaji wa volti 100 kwa dakika 90. Kingamwili ya kwanza ni ya sungura, inayotambua kaspesi-3 iliyokatwa kwenye Asp175, imezimuliwa 1:1000 kwenye maziwa 5%, usiku kucha kwa nyuzi 4.

Aktini inatoka safi kabisa. Kwenye 17 kDa ni kweupe, si kwa DMSO si kwa staurosporini. Kwenye 35 nako hakuna kitu, na hapo ndipo ninaposhuku kwamba kingamwili yenyewe imekufa. Kwenye darubini seli za staurosporini zimejikunja na nyingi zinaelea.

Ninunue nyingine, au kuna cha kukagua kwanza?

Mama_Bloti

Usinunue. Umeandika "nyingi zinaelea", na juu yake umeandika "mediamu inamwagwa". Bendi yako imeenda na maji.

Seli inayokufa kwa apoptosisi (kujiua kwa mpangilio) hujikunja na kubanduka. Zile zilizobaki zimeshika sahani ndizo nzima au zilizochelewa, kwa hiyo lisati yako (majimaji ya seli zilizopasuliwa) ni ya seli zilizonusurika. Fanya hivi: mediamu yote iingie kwenye mrija wa mililita 15, na PBS ya kuoshea iingie humohumo. Zilizobaki zibandue kwa tripsini au zikwangue, zichanganye na zile za kwanza. Zungusha kwa 500 g dakika 5, nyuzi 4. Osha mashapo mara moja kwa PBS baridi, kisha weka bafa ya kupasulia seli. Kontroli ya DMSO ipite njia hiyohiyo hata kama hakuna kinachoelea, la sivyo unalinganisha sampuli mbili zilizoandaliwa kwa namna mbili.

Kuhusu 35: kukosekana kwake ni sahihi. Kaspesi-3 nzima ina asidi amino 277, nayo hukaa kwenye bloti karibu na 32 hadi 35 kDa. Ikikatwa baada ya asidi aspatiki ya nafasi ya 175 hupatikana kipande kikubwa (ndicho cha 17 au 19 kDa) na kipande kidogo cha 12 kDa. Kingamwili yako ilitengenezwa dhidi ya peptidi inayoishia kwenye hiyo Asp175, yaani inashika ncha mpya inayozaliwa pale mkato unapofanyika. Protini ikiwa nzima, ncha hiyo haipo. Ukitaka kuona 35 na 17 pamoja, tafuta kingamwili ya kaspesi-3 jumla. Ile ni bidhaa nyingine, na mara nyingi 17 yake huwa hafifu kuliko ya Asp175.

jeli15

Naunga mkono, lakini hata ukikusanya seli zote, hiyo jeli na hiyo membreni bado zitakuangusha.

Jeli ya 10% ya Tris-glaisini haitenganishi vizuri vipande vidogo. 17 kDa hukimbia karibu na rangi ya mbele, na ukiiacha rangi itoke chini, umeitoa na bendi. Tumia 15%, au ile ya mteremko wa 4–20%. Simamisha umeme rangi ikiwa bado ndani ya jeli.

Membreni: chukua ya mikromita 0.2. Kipande kidogo hupenya matundu ya 0.45 kirahisi, na dakika 90 kwa volti 100 ni muda mrefu kwa protini ya ukubwa huo. Dakika 60 kwenye tangi la bafa, katika baridi, methanoli 20%, bila SDS kwenye bafa ya kuhamishia. Methanoli husaidia protini ndogo kushika. SDS huzisukuma zipite. PVDF ilowe kwanza kwenye methanoli sekunde 30 na isikauke tena kabla ya kuwekwa.

Jaribio la bure la kujua kama inapenya: weka membreni ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Ukikuta bendi za chini za maka ya rangi, yaani protini za ukubwa unaojulikana (15 na 10), ziko kwenye ya pili, umeshajua. Kisha paka Ponceau (rangi ya protini zote) kabla ya kuzuia membreni kwa maziwa au BSA. Eneo la chini ya 20 likiwa tupu kwenye visima vyote, usipoteze kingamwili juu yake.

Na mikrogramu 20 ni kidogo. Panda hadi 30–40.

pipeti_p20

Asanteni sana. Naona aktini ilinidanganya, maana yenyewe ni 42 na inahama vizuri kwenye mpangilio huohuo.

Maswali mawili. Kingamwili niizimue kwenye maziwa au BSA (albumini ya ng'ombe)? Na kontroli gani itanihakikishia kwamba kingamwili bado ni hai?

Mama_Bloti

Maziwa au BSA: soma karatasi ya bidhaa, usifuate mazoea ya maabara. Kingamwili nyingi za sungura za aina hii zimepimwa kwenye BSA 5% ndani ya TBS yenye Tween-20 0.1%. Unaweza kuzuia membreni kwa maziwa 5% saa moja, ukaosha, halafu kingamwili ya kwanza ukaizimua kwenye BSA. Maziwa hupunguza uchafu wa nyuma, ila kwa baadhi ya kingamwili hupunguza na bendi yenyewe. Baada ya usiku kucha, osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Kingamwili ya pili (inayoshika ile ya kwanza) yenye HRP, yaani kimeng'enya cha peroksidezi, 1:5000 hadi 1:10000, saa moja. Usiweke sodiamu azidi kwenye kingamwili yenye HRP wala kwenye bafa ya kuoshea, kwa sababu inazima peroksidezi.

Kontroli chanya: Jurkat (seli T za lukemia), staurosporini mikromola 1, saa 3 hadi 4. Jurkat huelea tangu mwanzo, kwa hiyo kosa la kumwaga mediamu halipo, kila kitu kinaingia kwenye sentrifuji. Etoposidi (dawa ya saratani) mikromola 25 usiku kucha nayo inafanya kazi.

Kontroli hasi ninayoiheshimu zaidi ni MCF-7 (seli za saratani ya matiti). Jini lao la CASP3 limepungukiwa jozi 47 za besi kwenye eksoni ya 3, kwa hiyo hawatengenezi kaspesi-3. Watibu kwa staurosporini vilevile. Ukiona bendi ya 17 kwenye MCF-7, ama seli zako si MCF-7, ama kingamwili inashika kitu kingine.

daktari_seli

Naongezea hapo kwa MCF-7, kwa sababu watu huchanganyikiwa. Kukosa kaspesi-3 hakumaanishi kwamba hawafi. Wana kaspesi-7, na PARP yao (protini ambayo kaspesi huikata) inakatwa kama kawaida. Kwa hiyo MCF-7 waliotibiwa wanatakiwa kuonyesha PARP iliyokatwa bila 17. Picha hiyo ikitoka, umethibitisha mambo mawili kwa sampuli moja: dawa imefanya kazi, na kingamwili haishiki kaspesi-7.

Hilo la pili lina uzito. Kaspesi-3 hukatwa baada ya IETD (mfululizo wa asidi amino nne), kaspesi-7 baada ya IQAD kwenye Asp198. Ncha hizo zinafanana kiasi cha kuifanya kingamwili mbovu iyumbe. Kipande kikubwa cha kaspesi-7 hukaa karibu na 20 kDa, na kwenye jeli iliyokimbia vibaya utaapa kwamba ni kaspesi-3.

PARP-1 nzima ni 116, iliyokatwa ni 89. Kata membreni kwa wembe kwenye alama ya 70 na nyingine kwenye 25: juu PARP, katikati kontroli ya upakiaji, chini Asp175. Jeli moja, majibu matatu, hakuna haja ya kubandua kingamwili na kurudia. Piga picha ya membreni nzima kabla ya kukata.

Kontroli ya mwisho: z-VAD-fmk (kizuizi cha kaspesi) mikromola 20 hadi 50, saa moja kabla ya dawa. Bendi ikipungua sana, ilitokana na kaspesi. Isipotikisika kabisa, kuna maswali.

RangiNne

Mkuu daktari_seli, z-VAD inapowekwa kwa kiwango cha chini mimi naona bendi inapanda kutoka 17 kwenda 19, haiondoki. Kizuizi kimeshindwa?

daktari_seli

Hapana, ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Mkato wa Asp175 hufanywa na kaspesi za juu, yaani 8 au 9, au na granzaimu B (kimeng'enya cha seli T na NK). Baada ya hapo kipande kikubwa bado kina mkia wake wa mbele. Mkia hukatwa kwenye Asp9, kikabaki cha 19, kisha kwenye Asp28, kikabaki cha 17. Hatua hizi za kupogoa kaspesi-3 huzifanya yenyewe. Kizuizi kikikaa kwenye mdomo wa kimeng'enya, kupogoa kunasimama hata kama mkato wa kwanza ulipita. XIAP (protini ya seli inayozuia kaspesi) ikiwa nyingi ndani ya seli hutoa picha hiyohiyo.

Kwa hiyo bendi mbili, 19 na 17, ni halali zote. 19 peke yake inakwambia kuna kitu kimemshika mnyama kooni: amekatwa lakini hafanyi kazi sawasawa. PARP ya membreni hiyohiyo itakuthibitishia. Kuna watu hujumlisha bendi zote mbili kwenye kipimo na kuiita "kaspesi-3 hai". Mimi sikubaliani nao.

benchi_kavu

Mbona hakuna aliyegusa aktini? Aktini ni chakula cha kaspesi. Kutumia aktini kama kontroli ya upakiaji kwenye jaribio la apoptosisi ni kujitafutia mabishano na mhakiki.

jeli15

Ni kweli inakatwa, ila kwa laini nyingi za seli bendi ya 42 haipungui kwa kiasi cha kuharibu hesabu. Tatizo linategemea seli na muda.

benchi_kavu

"Inategemea" ndiyo sababu ya kuiacha, mkuu. Rangi ya protini jumla kwenye membreni haitegemei chochote kati ya hivyo. Ponceau iliyopigwa picha vizuri inatosha. Ukitaka protini moja, tubulini ya 50–55 inakaa mbali na PARP na mbali na 17. GAPDH ni 37, inabanana na kaspesi-3 nzima ukiamua kupima jumla kwenye kipande hichohicho.

Mama_Bloti

Hapo namuunga mkono benchi_kavu. Ponceau ni ya dakika tano.

Muda nao tuuzungumze. Kaspesi-3 iliyokatwa hupanda, hufika kilele, hushuka. Seli iliyokamilisha apoptosisi kwenye sahani haina wa kuimeza, hivyo utando wake hupasuka baadaye na yaliyomo humwagika kwenye mediamu. Hutayapata kwenye mashapo hata ukizungusha vipi. Dawa kali kwa saa 24 inaweza kukupa bendi ndogo kuliko saa 6, na mtu akaandika kwamba dawa haiui. Chukua nyakati kadhaa: 0, 2, 4, 6, 8 na 24. Staurosporini na TRAIL (protini inayoamsha kifo cha seli) ni za haraka, saa chache tu. Etoposidi hupitia uharibifu wa DNA kwanza, ipe saa 12 hadi 24.

seliT_killer

Nina swali linalofanana na hili. Seli T zilizoamshwa, siku ya nne, hazijatibiwa na chochote, uhai ni zaidi ya 90% kwa triipani bluu. Bloti inaonyesha 17 nene. Zinakufa au hazifi?

daktari_seli

Huenda kaspesi-3 imekatwa mikononi mwako, ndani ya mrija. Seli T zilizoamshwa na seli NK zimejaa granzaimu B kwenye vifuko vyake. Seli ikiwa nzima, granzaimu B na kaspesi-3 haziko chumba kimoja. Ukiweka bafa ya kupasulia, vifuko vinavunjika, na granzaimu B hukata kaspesi-3 palepale kwenye IETD. Kuweka kwenye barafu kunapunguza kasi tu. Vizuizi vya kawaida vya protiezi vinaweza visitoshe, na leupeptini na E-64 hazizuii kaspesi wala granzaimu B.

Dawa yake ni kutoipa granzaimu B nafasi. Mashapo ya seli, toa PBS yote, kisha mimina bafa ya Laemmli ya moto moja kwa moja, mikrolita 100 kwa seli milioni moja, nyuzi 95 kwa dakika 5 hadi 10. SDS na joto huua vimeng'enya vyote kwa pamoja. Itakuwa nzito kama makamasi kwa sababu ya DNA. Ipitishe kwenye mashine ya mawimbi ya sauti au sindano nyembamba mara kadhaa mpaka ilegee. BCA (kipimo cha wingi wa protini) haitafanya kazi hapo kwa sababu ya merkaptoethanoli, kwa hiyo hesabu seli kabla na pakia idadi sawa kwa kila kisima.

Bendi ikitoweka kwa njia hii, haikuwa kifo. Ikibaki, rudi tuzungumze. Na ujue uthibitisho mzuri zaidi kwa seli hizi ni kuzigandisha zikiwa nzima kwa formaldehaidi na kuzipima kwenye saitometria ya mtiririko, maana hapo hakuna kupasua.

RangiNne

Kwa saitometria, ufuatao ni mpangilio unaotumika sana na kingamwili za Asp175.

Formaldehaidi 4% isiyo na methanoli, dakika 15 kwa joto la chumba. Osha. Weka seli kwenye barafu, ongeza methanoli baridi polepole huku ukitikisa taratibu mpaka ifike 90%, dakika 30. Ukiimwaga kwa pupa seli zinashikana mabonge. Unaweza kuzihifadhi humo kwa nyuzi −20 ukaendelea siku nyingine. Osha methanoli yote kwa PBS yenye BSA 0.5%. Seli laki 5 hadi milioni moja kwa mrija, mikrolita 100, kingamwili kuanzia 1:50, saa moja.

Anayetaka kuongeza alama za juu ya seli ajihadhari: PE na APC (rangi zinazong'aa) ni protini, methanoli inaziharibu. Ama zipake baada ya methanoli kama epitopu itastahimili, ama tumia rangi ndogo za kemikali, ama badilisha methanoli uweke saponini 0.1% na uiache saponini ndani ya bafa hatua zote, kwani ikiondoka matundu yanajifunga.

Rangi ya seli mfu inayoshika amini iwekwe kabla ya formaldehaidi. Kundi lenye Asp175 chanya na rangi ya mfu hasi ndilo la mapema. Chanya zote mbili ni la kuchelewa. Rangi ya mfu chanya na Asp175 hasi linaweza kuwa nekrosisi, au apoptosisi iliyokwisha kitambo.

kioo_cha_tishu

Na sisi wa tishu zilizowekwa kwenye parafini? Nina vipande vya mikromita 4, tishu ni uvimbe wa panya. Kila mahali pamekuwa kahawia.

Mama_Bloti

Kahawia kila mahali mara nyingi ni kingamwili nyingi, DAB (rangi ya kahawia) iliyoachwa muda mrefu, au peroksidezi ya tishu yenyewe haijazimwa. Fuata mfululizo huu: sitreti milimola 10, pH 6.0, nyuzi 95–98 kwa dakika 10 hadi 20. Acha ipoe dakika 30 ndani ya bafa hiyohiyo. Haidrojeni peroksidi 3%, dakika 10. Seramu ya mbuzi 5%, saa moja, ikiwa kingamwili ya pili ni ya mbuzi. Kingamwili ya kwanza jaribu 1:200, 1:400 na 1:800 kwenye vioo vitatu vya tishu ileile, usiku kucha. Tumia polima ya HRP kuliko mfumo wa biotini, kwa sababu ini na figo zina biotini yao. DAB iangalie chini ya darubini na uisimamishe kwa wakati uleule kwenye vioo vyote.

Kontroli chanya: tonsili ya binadamu, ambapo seli chache za kahawia nzito hutawanyika ndani ya vituo vya viini vya folikuli. Kwa panya, thaimasi baada ya deksamethasoni inajaa. Kontroli hasi: IgG ya sungura kwa mikrogramu zilezile kwa mililita. Usitumie uzimuaji uleule, maana chupa mbili hazina ukolezi sawa wa kingamwili.

Seli ya kweli huwa imejikunja, saitoplazimu nzito, kiini kimegandamana au kimevunjika vipande. Eneo la nekrosisi katikati ya uvimbe hunyonya kila kitu. Liache nje ya hesabu, na uandike kwamba umeliacha.

benchi_kavu

Kabla mtu hajachapisha: Asp175 chanya maana yake ni kwamba kaspesi-3 imekatwa. Utendaji unapimwa kwa molekuli ambayo kaspesi-3 huikata, mfano Ac-DEVD-pNA kwa nanomita 405. Na hata utendaji wenyewe si lazima uwe kifo, kwa sababu kaspesi-3 hutumika kwenye ukomaaji wa seli za misuli na wa seli nyekundu za damu. Upande wa pili, Asp175 hasi haimaanishi seli hazifi. Kuna aina nyingine za kifo cha seli: nekroptosisi hutafutwa kwa MLKL yenye fosfeti (Ser358 kwa binadamu), pairoptosisi ya kaspesi-1 kwa gasdamini D iliyokatwa. Seli ikiwa na gasdamini E nyingi, kaspesi-3 huikata na seli huvimba na kupasuka. Kwa darubini utasema nekrosisi, kwa bloti utasema apoptosisi.

nzi_mdogo

Kwa wanaotumia kingamwili hii kwenye drosofila: usiandike "kaspesi-3 ya nzi". Kwenye nzi wenye mabadiliko ya jeni yanayoondoa DrICE na Dcp-1 (kaspesi za nzi zinazofanana na kaspesi-3) pamoja, rangi bado inatokea, ila inategemea Dronc (kaspesi ya nzi inayofanana na kaspesi-9). Ni alama ya utendaji wa Dronc, basi.

pipeti_p20

Nimewasoma wakuu. La mwisho: chupa ilikaa kwenye friza ya −80 wiki moja. Glaiseroli ni 50%.

jeli15

Glaiseroli 50% imewekwa ili kwa −20 ibaki majimaji, ndiyo maana haigawanywi vichupa. Kwa −80 inaweza kuwa iliganda. Izungushe kwa kasi kubwa dakika 5, chukua ya juu, ijaribu kwenye Jurkat waliotibiwa kwa 1:500 na 1:1000 pamoja na MCF-7. Ukinunua nyingine, chagua monokloni badala ya polikloni, na namba ya bechi iandikwe kwenye daftari kwa kila bloti.